Faida ya Kuondoka Kwangu

Kuna biashara moja iliyopata faida kwangu mara mbili: siku niliyoingia na siku niliyotoka. Mara ya kwanza watu walinishukuru. Mara ya pili hakuna aliyefikiria kunishukuru, na mimi mwenyewe sikutazamia. Siku hizi nawasikia wenye biashara redioni wakilalamika kwamba wafanyakazi hawakai, leo yupo kesho hayupo, na kwamba hiyo ni hasara tupu. Huwa nawasikiliza huku nikichambua omena, dagaa wa ziwani. Sina mazoea ya kubishana na redio. Lakini mimi najua jambo jingine, na nalijua kwa sababu lilinipitia mwilini.

Hoteli yenyewe ilikuwa Kisumu, karibu na steji ya mabasi. Nikisema hoteli sisemi vitanda, nasema mahali pa kula: chumba kimoja kirefu, mabenchi, meza zilizofunikwa kwa plastiki ya maua, jiko kwa nyuma, na ua wenye vyumba viwili vitatu vya wafanyakazi. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyeinunua kutoka kwa Mhindi aliyehama miaka michache baada ya uhuru. Sisi tulimwita tajiri. Hakuwa tajiri wa kutisha, lakini mshahara ulitoka mkononi mwake, na jina likamkaa.

Nilipofika, mpishi wa yule Mhindi alikuwa ameshaondoka, na hoteli ilikuwa ikiuza chai, mandazi na maharagwe ambayo hata mbwa wa steji waliyapita. Mimi nilitoka Seme, upande wa Kombewa. Mume wangu alikuwa amekwenda kazi Nairobi, akapata nyumba nyingine huko. Nilimngoja, halafu nikaacha kumngoja. Sikumbuki ni lini kungoja kulikoma. Watoto hatukuwa nao. Nikaja mjini na nguo zangu na ujuzi mmoja, wa kuchemsha ngege, yule samaki wa ziwa letu.

Ngege wangu nilimpika alivyompika nyanya yangu: sufuria kubwa, maji kidogo, nyanya, kitunguu, moto wa polepole, na mwishoni maziwa kidogo. Mafuta hayakugusa samaki. Nyanya alisema mafuta humwibia samaki ladha, na mimi sikuwa na sababu ya kumbishia mtu aliyekufa. Watu wa mabasi walionja, wakarudi na wenzao. Haukupita muda mrefu, mtu akishuka kutoka Busia au Bondo akauliza wapi kuna samaki, anaonyeshwa kwetu. Tajiri alinipa chumba uani. Nikatundika kanga yangu ya pili kwenye msumari na nikajua nimefika.

Tangu siku hiyo nilitaka kitu kimoja tu, kuzeekea pale. Wenzangu walitaka mashamba, karo za watoto, baiskeli. Mimi nilitaka kuamka, kuwasha moto, kuweka sufuria, na siku moja mtu aje kuniita asikie niko kimya. Sioni kama nilitaka makubwa.

Tajiri alikuwa na tabia moja iliyoniudhi. Mfanyakazi akisema anaondoka, hakumwomba abaki. Alimpa chai, akamsindikiza hadi barabarani, na kesho yake akatafuta mwingine bila kuonyesha huzuni hata ya adabu. Mpika chai wetu mmoja alipopata kazi reli, mimi nilinuna siku nzima, maana nilikuwa nimemfundisha kuosha birika. Haikuchukua muda tukamwona anaingia saa ya chakula na wenzake wa reli, kundi zima, wakajaza benchi. Nikamtazama tajiri. Akasema, “Si umeona? Hajapotea. Amehamia tu upande ile ingine ya meza.” Nikarudi jikoni. Wakati huo nilidhani mama huyu hana moyo, na moyo wangu mwenyewe sikuwa nimeukagua.

Mtu aliyekuwa nguzo ya chumba cha mbele tulimwita Mzee. Kwa jina kazi yake ilikuwa kupeleka sahani, lakini kazi yake ya kweli ilikuwa kuwajua watu. Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe hapa. Kwetu Waluo mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe hali mbele yake. Kuonana tu na kitu mdomoni ni aibu kwa wote wawili, tena aibu ya kuzungumzwa. Sasa chukua chumba kimoja kirefu, siku ya soko, mabasi yameshusha watu kutoka Seme, Asembo na Alego, na mabinti wa Seme wameolewa kote huko. Mtu anaingia na njaa yake, anamwona mama mkwe ameshika kichwa cha samaki. Anageuka hapo hapo mlangoni. Mama naye anajifunika uso kwa kitambaa, anaacha sahani. Wawili wamekuja na njaa, wawili wameondoka na njaa.

Mzee ndiye aliyezuia hayo. Alisimama mlangoni na kitambaa begani, na akikutazama tu anajua umeoa wapi. Alimnong’oneza mtu, “Zunguka sokoni kidogo, maro wako yuko ndani,” yaani mama mkwe wako. Mtu anashukuru, anazunguka. Wengine walirudi baadaye, wengine walikula kwingine. Sisi sote tuliona hiyo ndiyo heshima ya hoteli. Haikutupitia kichwani kwamba kila siku ya soko tulikuwa tukiwafukuza wateja kwa mkono wa adabu. Mazoea yana taabu, wanasema, na mwenye mazoea ndiye wa mwisho kuiona.

Miguu ya Mzee ikaanza kuvimba, na mwanawe akaja kumchukua kwenda nyumbani Alego. Mimi nililiona jambo hilo kuwa mwisho wetu. Nani atawajua wakwe? Tajiri alimpeleka hadi basini, akarudi, akala chakula chake cha mchana. Nilimtazama akitoa miiba mmoja mmoja.

Aliyeletwa badala yake alikuwa mtu wa Port Victoria, Msamia, aliyekuwa amefanya kazi katika hoteli ng’ambo ya mpaka, Uganda. Kiswahili chake kilitushinda sote, Dholuo alikijua vipande vipande, na watu wa Kisumu hakuwajua hata mmoja. Siku ya soko ya kwanza akamketisha mwalimu mmoja wa shule benchi moja na mama mkwe wake. Si hivyo tu. Alileta beseni na birika la kunawa, akammiminia mama, kisha kwa beseni hilo hilo, maji hayo hayo chini, akamgeukia mwalimu. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia chumba kizima kimenyamaza, nikatoka kutazama. Mwalimu alikuwa amesimama, maji yakimchuruzika viwikoni hadi kwenye shati, hajui aangalie wapi. Mama alikuwa amevuta kitambaa hadi kidevuni. Naye hakuwa mama wa hivi hivi, alikuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa lao, kwa hiyo habari ilisafiri kuliko basi.

Wiki iliyofuata mabenchi yalikuwa matupu. Nilimwambia tajiri amfukuze yule mtu. Nilimwambia hoteli inataka mtu anayewajua watu, na kumjua mtu hakufundishwi kwa siku moja. Akasema tungoje kidogo. Nikaona ameanza kuchoka akili.

Yule Msamia alikuja jikoni akaniuliza, bila aibu yoyote, atajuaje nani ni mkwe wa nani. Nilimjibu kwamba hatajua. Hayo mtu huzaliwa nayo. Akakaa kidogo kwenye gunia la makaa akifikiri. Halafu akasema, “Basi mimi nitawahesabu wote ni wakwe. Kila mtu ni mkwe wa kila mtu.” Nikamwambia atoke jikoni kwangu.

Jumapili, watu walipokuwa kanisani, alinunua vitambaa vya marekani, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika mapazia baina ya meza na meza. Kila meza ikawa chumba chake. Pembeni kulikuwa na mlango wa zamani uliozibwa kwa makreti ya soda. Akayaondoa, akaufungua, akasema wanawake wanaotaka wapite huko. Mimi nilicheka. Nilisema hoteli yetu sasa ni wodi ya hospitali.

Watu wakarudi. Walirudi polepole kwanza, wakichungulia, kisha wote. Mkwe na mama mkwe wakakaa kitambaa baina yao, kila mmoja akijua mwenzake yupo, kila mmoja akitafuna kwa amani, kwa sababu kisichoonekana hakijatendeka. Lakini ajabu ni ile ambayo hakuna aliyeitarajia. Makarani wa ofisi wakaanza kuja. Zamani karani hakuweza kula karibu na steji, maana ndugu yeyote akishuka basini akamkuta na sahani ni lazima amwambie karibu, na ndugu hakosi kukaribia. Nyuma ya pazia karani alikula kichwa na mkia peke yake, akajipangusa, akatoka akiwa mtu mwema wa ukoo. Mwisho wa mwezi tulikosa meza. Tajiri akachukua na chumba cha jirani, kilichokuwa cha fundi viatu.

Jioni moja tulipokuwa tukinywa chai uani, tajiri alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema, “Mzee hangeweza kuweka hiyo pazia. Yeye mwenyewe ndiye alikuwa hiyo pazia.” Sote tulicheka. Halafu akaongeza kwamba mtu akikaa sana mahali pamoja anaziba tundu kwa mwili wake, na watu wanamsifu kwa kuziba, na hakuna anayekwenda kutafuta ubao. Alikuwa akitazama jikoni alipokuwa akisema. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni pa jiko. Nikamaliza chai yangu, nikaingia kufunika moto.

Jikoni nilikuwa na msaidizi, mwanamke wa Maragoli, mwenye watoto, mtaratibu, wa kanisa. Alikuwa nami miaka. Alipara samaki, aliwasha moto, aliosha vyombo, alisonga ugali. Sufuria hakuigusa. Si kwamba nilimkataza kwa ukali. Ulikuwa utaratibu tu, na utaratibu ulikuwa wangu. Niliposhikwa na malaria hoteli iliuza chai na mayai, na watu waliuliza nitapona lini. Siwezi kusema swali hilo lilinichukiza.

Halafu mama yangu akafa. Habari zililetwa na kondakta wa basi la Kombewa, aliyekuja hadi dirisha la jiko, akavua kofia. Nilimaliza kugawa chakula cha mchana kwanza. Nikafunga nguo nikaenda. Kule nyumbani watu walilia, wengine kwa sauti iliyofika ziwani, na mimi nikapika, kwa kuwa msiba una watu wengi na watu wana matumbo. Nilipika siku zote za msiba. Binti haondoki kabla mambo hayajaisha, na mambo ya kwetu hayaishi haraka. Nilingoja kilio kije. Nilidhani labda kitanijia kwenye basi la kurudi, nikiwa peke yangu kati ya watu nisiowajua. Kwenye basi nililala usingizi.

Nilisikia harufu ya mafuta kabla sijaifikia hoteli. Mbele kulikuwa na watu wamesimama wakingoja nafasi, vijana wa viwandani na makondakta, na kila aliyetoka alikuwa akilamba vidole. Nikapitia uani. Msaidizi wangu alikuwa amesimama mbele ya karai, ngege mzima mzima analia kwenye mafuta, na pembeni sufuria ndogo ya nyanya na kitunguu. Mtu akiagiza, samaki anatolewa, anamwagiwa mchuzi, anapelekwa. Hapangojwi. Sufuria yangu kubwa alikuwa amewekea maji ya kuoshea vyombo.

Alinipa pole ya msiba, akanishika mikono yote miwili. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba hakujua ninavyopika kwa kuwa hakuwahi kuonyeshwa, na watu walikuwa wanataka samaki, ndipo akapika anavyojua yeye. Nilimwambia aondoe karai. Aliliondoa. Nikamwaga maji ya vyombo, nikasugua sufuria kwa majivu hadi giza likaingia.

Kesho yake tulirudi kuchemsha. Waliokuja wakataka wa kukaanga. Nikamtuma Msamia awaambie hakuna. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, nilijisemea, watasahau. Hawakusahau. Vijana wa viwandani wana saa moja ya chakula, na ngoja ngoja huumiza matumbo, wakaenda kutafuta mafuta kwingine. Wazee walibaki nami. Wazee hula kidogo. Meza za chumba kipya zikawa zinapanguswa bila kuchafuliwa. Niliona yote hayo. Sitasema sikuona. Nilikuwa nikitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kwenye shamba la jirani.

Tajiri hakunigombeza. Aliniacha mwezi, pengine zaidi. Kisha alasiri moja, vyombo vimeoshwa, akaweka viti viwili uani na akaniita. Alizungumza Dholuo kwanza, akaniuliza habari za nyumbani, za kaburi, za nani anakaa sasa na baba. Halafu akahamia Kiswahili, na hapo nikajua ni mambo ya kazi.

Akasema, “Nyamera, dada yangu, wewe ni mpishi mzuri. Hii hoteli ilisimama juu ya mkono yako, na hiyo mimi sitakataa mbele ya mtu.”

Nikaweka mikono magotini.

“Lakini nilipata kuona kitu wakati ulienda matanga. Yule mama amekuwa nyuma yako miaka ngapi, na mimi sikujua anaweza. Na wewe hukujua. Sasa nataka nione kitu gani ingine iko nyuma yako. Siwezi kuona kama umesimama hapo.”

Nilimuuliza kama nimeiba. Akasema hapana. Nikamuuliza kama nimempikia mtu samaki aliyeoza. Akasema hapana, na akaonekana kuumia kwa swali hilo. Akasema angeweza kuniambia nibaki nifundishwe kukaanga, lakini ananijua, nitakaanga kwa chuki na chuki ina ladha. Alikuwa kweli ananijua. Akasema amefikiri sana, amesali pia, na amenitengea cha kuanzia biashara yangu mwenyewe. Aliniuliza kama nataka kwenda na sufuria. Nikamwambia sufuria ni ya hoteli.

Mtu angetarajia nikasirike. Mimi mwenyewe nilikaa pale nikingoja hasira, kama nilivyongoja kilio cha mama. Nilitazama magamba yaliyokaukia kwenye vidole vyangu, nikaanza kuyabandua. Niliwaza kwamba moto haujafunikwa. Hilo ndilo lililonitoka mdomoni, kwamba nikafunike moto. Akasema msaidizi ameshaufunika.

Aliyelia ni msaidizi. Sikuelewa kwa nini, maana mimi nilikuwa namwachia jiko. Alilia akinifungia vyombo vyangu, akasema hakutaka iwe hivi. Nikamwambia afute machozi, kazi ni nyingi, na nikamwonyesha ni mama yupi pale gatini, tunakonunua samaki, huficha wa jana chini ya wa leo. Hilo ndilo pekee nililowahi kumfundisha. Msamia alinibebea mzigo. Tajiri alinisindikiza hadi barabarani, akasimama hadi basi lilipoondoka, kama alivyowafanyia wote. Nilitazama mbele.

Nilipanga chumba Otonglo, kando ya barabara ya Busia, nikawa nauza chai na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha pamoja, kwa watu wa safari. Samaki sikupika tena. Watu waliniuliza kama nina huzuni. Sikuwa nayo. Mwenye huzuni ana kitu cha kushika. Mimi nilikuwa kama mguu uliolaliwa, upo, ni wako, lakini ukiugusa unaona unagusa wa mtu mwingine. Niliamka, niliwasha moto, niliuza, nililala. Niliwahi kujikuta nimesimama mbele ya jiko langu dogo na mkono umenyooka pembeni, ukingoja mtu aweke mwiko.

Jambo moja nililitaka, na nalisema wazi, nilitaka ile hoteli ianguke. Sikumwombea tajiri mabaya mengine, afya yake sikuigusa, kanisani nilimtaja pamoja na wajane wengine. Lakini kila kondakta aliyekunywa chai kwangu nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua, pale steji hoteli ile inaendeleaje. Walijibu kwamba inaendelea vizuri. Mmoja akasema sasa hata watu wa Kakamega wakishuka wanakula pale kwanza, maana samaki wa kuchemsha alikuwa akiwashinda kwa harufu. Sikuwahi kujua kwamba kuna watu waliokuwa wakishindwa. Samaki wangu alipowashinda hawakuniambia, walipita tu.

Zaidi ya mwaka ulipita ndipo nilipokwenda mjini kununua majani ya chai kwa jumla, na miguu ikanipeleka yenyewe. Niliingia kwa mbele, kama mteja. Msamia hakuwapo. Nilikuja kuambiwa kwamba amerudi kwao Port Victoria, amefungua hoteli yake mwenyewe, na kutoka huko humpelekea tajiri samaki wabichi kwa lori, wengi kuliko alivyowahi kuwapata gatini. Aliyenipokea alikuwa msichana mgeni, mwenye aproni safi, aliyeniita Mama kwa adabu na hakunijua kabisa. Akanikalisha nyuma ya pazia, akaninawisha mikono, akaniuliza nitakula nini. Nikasema samaki.

Alikuja haraka. Nilimgeuza, nikamchungulia tumboni, nikatafuta kosa kama mtu anavyotafuta mwiba kabla ya kumlisha mtoto. Ngozi ilikuwa kavu, nyama ilikuwa na maji yake, mchuzi ulikuwa mzito na una ukali kidogo wa ndimu. Nilimaliza upande mmoja nikamgeuza. Alikuwa mtamu kuliko wangu. Nayaandika hayo nikiwa mtu mzima mwenye ulimi unaofanya kazi. Nyanya yangu alikosea kuhusu mafuta, na mimi nililitetea kosa lake kwa miaka yote ile kama urithi wa shamba.

Kutoka jikoni nilisikia wanawake wakicheka. Walikuwa watatu, nikatofautisha sauti. Wakati wangu jikoni kulisikika maji na moto tu, na mimi niliona hicho ndicho kimya cha kazi nzuri.

Yule msaidizi akaja. Mtu alikuwa amenitambua kupitia dirisha la jiko. Akajipangusa mikono, akaketi mbele yangu, amenenepa kidogo, akaanza kunieleza kwa furaha jinsi wanavyofanya. Wote watatu wanajua kila kitu. Mtoto wa mmoja akiugua, wawili wanaendelea. Kila mmoja amekuja na pishi la kwao, kwa hiyo Ijumaa wana mboga ya mrenda ya Kibukusu. Mmoja wao ameposwa na ataondoka karibuni, na tajiri ameshaanza kutafuta mwingine, safari hii anataka mtu wa mbali. Alieleza hayo yote bila kunikusudia ubaya. Nilitikisa kichwa kila palipotakiwa.

Nikamuuliza kama kuna watu wanaoulizia samaki wa kuchemsha.

Ni mwanamke asiyependa kusema uongo, na nilimwona akitafuta namna. Mwisho akasema, “Walikuwa wanauliza, Mama. Mwanzo mwanzo. Saa hii hawaulizi.”

Nikamwambia vizuri. Akaitwa jikoni, karai lilikuwa linaungua, akaniaga mbio mbio akaenda, akaniachia miiba yangu.

Nikanyanyuka. Nikaokota vipande vya ugali vilivyodondoka mezani, nikaviweka kwenye sahani, nikapangusa plastiki kwa kiganja, nikachukua sahani na bakuli la mchuzi, nikaanza kwenda navyo nyuma kuviosha. Sikuwa nimefikiri chochote. Nilikuwa nimeshapita meza mbili yule msichana aliponiwahi. Aliniwekea mkono mgongoni, kwa upole, kama mtu anayemgeuza mzee aliyepotea njia.

“Mama, hapana, hiyo si kazi yako. Wewe ni mgeni.”

Akaitoa sahani mkononi mwangu. Hakunyang’anya, aliitoa tu, akaenda nayo. Nikabaki nimesimama katikati ya chumba, na hapo ndipo iliponiuma kwa mara ya kwanza. Iliniuma njia yote hadi Otonglo.